Nataka kuripu CD zangu mwenyewe bila kuomba macho ya mtu

BARUA

Ami, assalaam aleikum.

Mimi ni msomaji wako wa hapa Lamu, Langoni, nakusoma kitambo ila sijawahi kuandika, leo nina swali refu kidogo naomba univumilie. Mimi sioni kabisa. Natumia laptopu ya Windows na NVDA, ile skrini rida inayonisomea kompyuta kwa sauti, simu natumia TalkBack ya kazi hiyohiyo, na shughuli zangu nafanya mwenyewe, barua naandika mwenyewe, M-Pesa natuma mwenyewe, kwa hayo sisumbui mtu. Shida imekuja na hizi CD.

Mjomba wangu alikuwa na duka la kanda, tangu enzi za kaseti mpaka CD, sasa amelifunga na mzigo wote umeletwa kwetu, manake nyumbani mimi ndiye najulikana kwa kupenda miziki. Ni makatoni, Ami. Kuna taarab za zamani, Juma Bhalo, Zein, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma, kuna za Unguja, kuna kasida na maulidi zilizorekodiwa hapa hapa Amu, kuna za maharusi ya watu ambazo hata jina hazina, zimeandikwa kalamu juu basi na mimi siwezi kuisoma. Hewa yetu unaijua na chumvi yake, nyengine zishaanza kukwama zikifika nyimbo za mwisho.

Nataka kuziripu, yaani ziingie kwa kompyuta kabla hazijafa, na ziingie vile zilivyo bila kupunguzwa kitu. Nilipeleka chache kwa duka moja wanifanyie, zikarudi MP3, tashkota haina tena ule mlio wake mkali, matari yamekuwa mazito hayaeleweki, na nyimbo mbili zimekatwa mwisho kabla mwimbaji hajamaliza. Nikisema wanasema ni maskio yangu.

Kaka yangu ananiambia niletee tu nikufanyie. Ananipenda sikatai, lakini yuko baharini siku nyingi na akirudi amechoka, halafu yeye mambo haya hayamhusu, atabonyeza mradi imesema imemaliza. Mimi nataka nifanye mwenyewe na nijue mwenyewe.

Programu nimejaribu kadhaa. Moja inasifiwa kila mahali lakini NVDA ikiingia mle inasema "button, button, button", hakuna hata moja yenye jina. Nyengine naiendesha vizuri tu lakini ikimaliza sijui kama wimbo umetoka sawa ama umeruka, manake majibu inayatoa kwa rangi, na mimi sitaki kila CD niite mtu nimwambie hebu niangalilie hapo ni kijani ama nyekundu.

Sasa nishauri, nitumie programu gani? Ya bure itatosha ama lazima ninunue? Faili za sauti ziwe za aina ya FLAC ama WAV? Na zile CD za kuchomwa nyumbani ntazifanyaje? Laptopu yangu haina draivu ya CD, nimenunua ile ya nje ya USB.

Msomaji wako, Langoni, Lamu

JIBU

Wa aleikum salaam binti yangu, na mjomba wako mpe salamu zangu, watu waliotuwekea muziki wetu dukani miaka yote hiyo hatujawashukuru vya kutosha.

Nikujibu kwanza ndo tuzungumze. Chukua foobar2000, ni ya bure, anza nayo hiyo. Kwa zile za kuchomwa nyumbani ongeza Exact Audio Copy, watu wanaiita EAC, nayo ni ya bure kwa matumizi yako. Faili ziwe FLAC. Pesa usitoe kwanza.

Sasa sababu, na hapa nataka nikae kidogo manake wewe mwenyewe umegusa penyewe pale uliposema habari ya rangi. Ukiuliza watu programu gani inamfaa asiyeona utaambiwa ile ambayo batani zake zina majina na unaweza kutembea na Tab mpaka mwisho, na hilo ni kweli ni la kwanza, lakini kwa kazi ya kuripu halitoshi, kwa sababu CD ya muziki inaweza kukudanganya na usijue. Philips na Sony walipoitoa mwaka 1982 waliitengeneza ichezwe, hawakuwa na fikra ya mtu kuinakili kwa kompyuta. Sekunde moja ya muziki imegawanywa vipande 75, kila kipande baiti 2,352, na zote hizo ni sauti. CD ya data yenye kubeba mafaili ya kawaida kila kipande inabeba baiti 2,048 tu za data, sehemu kubwa ya zile zilizobaki ni za kukagua na kusahihisha makosa, ndo maana faili likiharibika kompyuta inakataa waziwazi. Ya muziki haikatai. Ina masahihisho yake lakini mkwaruzo ukiyashinda draivu inakisia, inachukua sauti ya kabla na ya baada inajaza katikati, inaendelea mbele kama hakuna lililotokea. Mara nyengine utasikia tik, mara nyengine hutasikia kitu hata uwe na maskio kama yako.

Kwa hivyo mimi, ambaye pia naendesha kompyuta kwa maskio, programu yoyote naiuliza swali moja: ukimaliza utanipa majibu kwa maandishi ambayo NVDA itanisomea? Ikiwa hapana, ikiwa ni rangi ama kialama fulani kwenye kona, basi hata iwe na batani zenye majina mazuri namna gani hiyo programu bado inakutaka uwe na mtu pembeni, na hilo ndo jambo ulilokataa wewe. Hao waliokwambia ni maskio yako wamekukosea, MP3 ikibanwa sana sauti za juu ndo za kwanza kuumia, na tashkota inaishi huko juu.

foobar2000 inafaulu swali hilo. Imekuwepo tangu 2002, aliyeitengeneza ni Peter Pawłowski, na imejengwa kwa menyu na madirisha ya kawaida ya Windows, ndo maana sisi watumiaji wa skrini rida tumeipenda miaka mingi, haina mapambo ya kumpoteza mtu. Ukiidaunlodi kwenye tovuti yake udaunlodi na kile kifurushi chengine kinaitwa "Free Encoder Pack", hicho ndo chenye enkoda, yaani kile cha kuigeuza sauti iwe FLAC, bila hicho utafika mwisho halafu ikuulize faili la enkoda liko wapi na hapo ndo wengi wanakata tamaa wakidhani programu ni mbovu.

Ukishaweka, chomeka draivu yako moja kwa moja kwa laptopu, usipitishie kwenye kile kigawanyo cha USB, hizi draivu za nje zinakula umeme na ukiwa mdogo zinasoma vibaya ama zinajizima katikati ya wimbo. Tia CD, subiri itulie. Bonyeza Alt uingie menyu ya "File", teremka mpaka "Open Audio CD", chagua draivu halafu batani ya "Rip". Litafunguka dirisha lenye orodha ya nyimbo, kila moja na dakika zake, na hapo unaweza kutafuta majina kwenye intaneti ama ukayaandika mwenyewe. Halafu unaenda kwenye "Converter Setup", ambayo ina sehemu nne: aina ya faili, mahali pa kuweka, "Processing" na mengineyo. Aina ya faili chagua FLAC. "Processing" iache tupu kabisa, usitie chochote, manake humo ndo mna vitu vya kubadilisha sauti na wewe hutaki ibadilike. Ukishapanga hifadhi kama preseti ili CD zinazofuata usirudie yote.

Ikianza kufanya kazi bonyeza NVDA+U, hiyo inabadilisha vile NVDA inavyokwambia maendeleo, ama kwa mlio unaopanda, ama kwa kutamka asilimia, ama vyote viwili. Mimi naacha mlio. Unaweza kuwa jikoni unapika na bado unajua imefika wapi, na ukisikia mlio umesimama mahali pamoja muda mrefu ujue draivu inapigana na mkwaruzo. Na ukikutana na dirisha lolote ambalo hulielewi, NVDA+B inakusomea dirisha zima toka juu mpaka chini, hilo lifanye kabla ya kuita mtu.

Ikimaliza inatoa ripoti, maandishi matupu, inakwambia wimbo huu umelingana na AccurateRip, huu haukulingana, huu haumo. AccurateRip ni hazina ya intaneti ambayo watu wa dunia nzima wakiripu CD, namba ya ukaguzi ya kila wimbo, inayokokotolewa kutoka kwenye sauti yenyewe, inaingia humo. Wewe ukiripu CD ileile, namba yako inalinganishwa na za wenzako, na zikiwa sawa basi nakala yako na zao ni moja, manake haiwezekani draivu yako ya Lamu na draivu ya mtu asiyekujua zikosee kosa lilelile sawasawa. Kwenye ripoti utasikia neno "confidence" na namba, hiyo ni idadi ya watu walioafikiana na wewe. Hata ikiwa 2 mimi natosheka.

Sasa basi, hiyo ni kwa CD za kiwandani. Na humo kwenye makatoni yako nadhani za kiwandani ni chache, nyingi ni za kuchomwa, kwa hivyo kabla hujaripu hata moja zipange kwanza, na huko kupanga unaweza kukufanya peke yako. Tia CD, fungua "This PC", ingia kwenye draivu usikilize. Ukisikia Track01.cda, Track02.cda na kuendelea, hiyo ni CD ya muziki kweli, hiyo ndo ya kuripu. Usijaribu kuyakopi hayo mafaili ya cda, kila moja ni baiti 44 tu, ni anwani ya wimbo si wimbo wenyewe, na nimeona watu wamekopi CD nzimanzima hivo wakatupa za asili, halafu wanashangaa folda haiimbi. Ukisikia .mp3 basi hiyo ni CD ya data, ile ya nyimbo mia kwa CD moja, hapo hamna kuripu, chagua yote ukopi ubandike basi. Kuigeuza iwe FLAC hakuirudishii kilichopunguzwa, utajaza diski bure. Na ukisikia folda inaitwa MPEGAV ndani yake kuna AVSEQ01.DAT, hiyo ni VCD, video ya harusi ama ya taarab ya jukwaani, nayo ikopi kama ilivyo uiweke pembeni, programu ya VLC itakuchezea. Tia kila aina katoni lake.

Zile za muziki zilizochomwa nyumbani ndo moyo wa barua yako na ndo zinanitia wasiwasi mimi. Kasida iliyorekodiwa Amu ikachomwa nakala chache haimo AccurateRip, wala haitakuwamo. Ripoti itakwambia haipo. Hiyo haina maana nakala yako ni mbovu, maana yake hakuna wa kulinganisha naye, basi inabidi ujilinganishe na nafsi yako, yaani usome wimbo mara mbili uone kama umetoka sawa mara zote mbili. Hapa ndo EAC inapoingia. Ina amri inaitwa "Test & Copy", inasoma kila wimbo mara ya kwanza inaweka namba ya ukaguzi, inausoma tena inauhifadhi, halafu inakuandikia logi, yaani ripoti ya maandishi. Chagua nyimbo zote kwa Ctrl+A halafu Shift+F6, hiyo ni Test & Copy yenye kutoka FLAC moja kwa moja. Fungua logi kwa Notepad. Kwa kila wimbo utasomewa "Test CRC" na "Copy CRC", ndo zile namba za ukaguzi, hizo mbili zifanane, kisha "Copy OK", na chini kabisa utafute "No errors occurred". Ni maandishi, hamna rangi. Logi hiyo iache ndani ya folda moja na nyimbo, miaka kumi mbele mtu akiuliza nakala hii inaaminika utakuwa na jibu.

Sitakuficha, EAC si rafiki sana kwa skrini rida mwanzoni, ina madirisha ya setingi mengi yenye vichupo vingi na mengine lugha yake ngumu. Lakini ukiifungua mara ya kwanza kuna dirisha la "wizard" la kukuongoza hatua kwa hatua, lifuate, tia FLAC, liambie unataka usahihi na si kasi, halafu hizo setingi nyengine usiziguse. Kazi ya kila siku ni orodha ya nyimbo na funguo chache tu za kibodi.

Kama utaona hutaki programu mbili, hata foobar2000 inaweza. Kuna nyongeza yake inaitwa Binary Comparator, ukiripu CD mara mbili kwenye folda mbili unachagua wimbo na pacha wake inakulinganishia sauti yote na kukwambia kama kuna tofauti, nayo inasema kwa maandishi. Kwa CD chache hiyo yatosha kabisa, kwa makatoni itakuchosha. Na vyovyote utakavyofanya, CD ikikataa kulingana itoe, ipanguse, itie tena ndo urudie, ama azima draivu nyengine. Draivu moja inaweza kukwama palepale kila mara, na ya mtu mwengine ikapita bila shida, hilo hutokea sana na CD za kuchomwa.

Umeuliza habari ya kununua. dBpoweramp ni ya kulipia na kusema kweli ni nzuri, inaenda vizuri na kibodi, ina njia ya kusoma kwa usalama, na walioitengeneza ndo walioianzisha AccurateRip. Wanakupa muda wa kuijaribu bure. Lau ungekuwa na duka, CD za wateja kila siku, ningekwambia nunua. Kwa kazi ya nyumbani ya mara moja, pesa hiyo nunulia diski ya pili ya kuhifadhia, ndo itakayokusaidia zaidi. Windows Media Player ya zamani nayo tangu Windows 10 inatoa FLAC na NVDA inaisoma, lakini hailinganishi nakala yako na ya mtu yeyote, inakwambia tu "ripped to library", kwa hivyo itumie ikiwa umekwama kabisa na CD ni mpya safi. iTunes vivyo hivyo, nayo haitoi FLAC, inatoa ALAC ya Apple ambayo pia haipunguzi kitu. Mwenye Mac aitafute XLD. Na wale wa Linux wanaotumia Orca, skrini rida ya huko, wanajua raha ya abcde na whipper, ni amri za kuandika tu na majibu ni maandishi toka mwanzo, hakuna batani ya kutafuta.

FLAC ama WAV? FLAC, na kwa mtu kama wewe hata si mjadala. Sauti ni ileile, FLAC inabana kama zip inavyobana barua, ukifungua unapata kila kitu kilichokuwamo, na ndani yake mna namba ya kujikagua kwamba haijaharibika. Imekuwepo tangu 2001, ni ya wote, hakuna anayeimiliki kwa kuuza, na tangu 2024 ina kiwango rasmi kinaitwa RFC 9639, kwa hivyo usiogope kwamba kesho itakufa. Saa moja ya WAV ni kama MB 635, FLAC yake mara nyingi nusu mpaka thuluthi mbili ya hapo. Ile namba ya 0 mpaka 8 utakayoulizwa haihusu ubora wa sauti, inahusu ukubwa wa faili na muda wa kulibana, iache pale ilipo. Lakini kubwa zaidi ni tagi, yaani majina na maelezo yanayokaa ndani ya faili lenyewe. WAV kushika majina ni mashaka, programu moja inayasoma nyengine haiyaoni, na sisi jina ndilo kila kitu, aliye na macho akikuta folda ya "Track 01" mia mbili atatafuta picha ya kava, wewe utakuwa unafungua moja moja kama huna akili. FLAC inashika jina la wimbo, mwimbaji, mwaka, na hata maelezo marefu, unaweza kuandika hii ilirekodiwa harusi ya fulani mtaa fulani, na itatembea na wimbo popote uendako. Simu yako ya Android inazicheza bila shida. Mwenye tuktuk akikuomba za kutia kwa flashi ya redio yake mgeuzie MP3 kutoka hiyo FLAC, ile FLAC yenyewe usiiguse.

Majina ndo kazi itakayokula muda wako kuliko kuripu, nakwambia mapema. Programu za zamani zilikuwa zinachukua majina kutoka freedb, hazina ya majina ya CD kwenye intaneti, ambayo ilifungwa 2020, kwa hivyo ukipata programu inatafuta majina haipati kitu usidhani intaneti yako mbovu. Sasa hivi kubwa ni MusicBrainz. Lakini kwa taarab yetu usitegemee sana, nyingi hazimo, na zilizomo kila mtu kaandika vyake, utakuta Juma Bhalo, Juma Balo, Bhallo, halafu Zein l'Abdin mara kaandikwa Zein Musical Party, na kwa kompyuta hao ni watu mbalimbali, nyimbo za mtu mmoja zinatawanyika folda nne. Chagua mwandiko mmoja kwa kila mwimbaji toka siku ya kwanza, uandike kwenye faili la Notepad, na uukopi kutoka humo kila mara. Kubadilisha tagi kwenye foobar2000 unasimama juu ya wimbo unabonyeza Alt+Enter, ukitaka kufanya nyingi kwa pamoja Mp3tag ni nzuri na licha ya jina lake inafanya FLAC pia. Na kwa kazi hiyo ibadilishe sauti ya NVDA, bonyeza NVDA+Ctrl+V uchague eSpeak NG sauti ya Kiswahili, manake ukisikiliza majina ya nyimbo zetu kwa sauti ya Kizungu hutajua kama herufi umekosea ama ni yeye anakosea.

Hapo kwenye majina ndo umwite kaka yako. Siku yuko nchi kavu kaa naye barazani, yeye asome kilichoandikwa juu ya CD wewe uandike, hata kama ni "harusi ya Bi fulani" peke yake, manake hiyo kalamu ndo kumbukumbu pekee iliyobaki na nayo inafutika. Na mjomba awepo, mchezee sekunde chache za zile zisizo na jina, atakwambia nani anaimba, nani kapiga udi na ilikuwa harusi ya nani, na hayo yote yaandike kwenye tagi siku hiyohiyo. Kila CD uipe namba, namba hiyohiyo iwe jina la folda, na kama unaandika breli itie kwenye kadi ndani ya kava, usibandike kitu chochote juu ya CD yenyewe, ikizunguka kwa kasi itayumba.

Kuhusu chumvi, pangusa upande wa chini kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, toka katikati kuelekea ukingoni kwa mstari, usizungushe, halafu ikauke kabisa. Upande wa juu ndo dhaifu zaidi ingawa watu wanadhani ni wa chini, sauti imekaa karibu sana na ule wa juu, ukikwaruzwa huko hakuna dawa. Usizianike juani, zile za kuchomwa zimetengenezwa kwa rangi ambayo jua linaila.

Anza na za kuchomwa, na ndani ya hizo anza na kasida na maulidi ya Amu. Za Unguja za kiwandani zitangoja, ikishindikana mtu atakuwa na nyengine mahali, lakini hizo zilizorekodiwa kwenu huenda nakala iliyo kwenye katoni lako ndo ya mwisho. CD zenyewe usizitupe hata baada ya kumaliza. Na FLAC zako ziwe mahali pawili, diski mbili, moja ikae nyumba nyengine, kwa mjomba yafaa, si zote mbili kwenye kabati moja.

Usiku huu daunlodi foobar2000 na ile encoder pack, jaribu na CD moja ya kiwandani unayoijua vizuri ili usikie ripoti ya AccurateRip inavyosema ikiwa sawa. EAC ije baadaye. Ukikwama niandikie, nikopie maneno NVDA iliyoyasema vilevile pamoja na ile logi yote, usinifupishie.

Ami, Malindi